Shajara ya mradi: miezi 17 ya kurefusha ngozi iliyokatwa kupita kiasi

14 Januari 2023

Kazini maabara hatugusi kitu kabla ya kuandika kipimo cha kwanza, kwa hiyo na hapa naanza hivyo hivyo. Aibu baadaye.

Umri: miaka 37. Tohara: nilifanyiwa nikiwa na miaka 26, katika zahanati moja binafsi ambayo sitaitaja, wiki tatu kabla ya ndoa. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, na kwetu jando halikuwa jambo la wazee wetu. Mke wangu ni wa Tanga. Anayeijua Tanga hahitaji maelezo zaidi: mwanamume mwenye govi akienda kuposa kule, hata mbuzi wa shughuli atamcheka. Nikasilimu, nikatahiriwa, yote kwa moyo mkunjufu, na mpaka leo sijutii. Ninachojutia ni mkono wa aliyekata. Alivuta ngozi mbele mno, akabana, akapitisha kisu, na alipoachia, iliyobaki ikarudi nyuma kuliko alivyokusudia.

Haitoshi. Uume ukiwa umelala hakuna anayeweza kugundua kitu. Ukisimama, ngozi inakaza kama ngoma iliyoanikwa juani, kovu linauma upande wa kulia, na ngozi ya mfuko wa korodani inavutwa juu pamoja na nywele zake, hata kwa chini pametokea utando kama wa mguu wa bata. Mwaka jana kovu lilipasuka mara 4. Mara ya nne Mama Salma ndiye aliyeona damu kwenye shuka. Akasema, "Baba Salma, wiki hii hospitali, na usinieleze habari za zamu."

Vipimo: nikivuta ngozi mbele taratibu kwa vidole viwili, uume umelala, inasogea milimita 6 kutoka ilipo. Haifiki ukingo wa kichwa. Maumivu ukisimama: 6 kwa 10.

Lengo: maumivu yashuke hadi 0 au 1, kovu lisipasuke tena. Govi kamili silitafuti. Baba mkwe akisikia hata nusu ya mradi huu, ndoa itaanza kujadiliwa upya.

29 Januari

Daktari wa mfumo wa mkojo ni kijana kuliko mimi, lakini koti jeupe lina umri wake; nilimsalimia kwa adabu zote. Alipima, akabonyeza kovu, akaniambia nisimame nitembee, kisha akageuza karatasi ya kuombea picha akaanza kuchora nyuma yake.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kupandikiza ngozi. Wanafungua kovu, nafasi inapatikana, wanaifunika kwa ngozi ya mahali pengine mwilini. Wakiparuza ngozi nyembamba ya paja, inashika kwa urahisi lakini baadaye inasinyaa, na kusinyaa ndilo tatizo nililokuja nalo. Wakichukua ngozi nene yenye tabaka zote, haisinyai sana, ila ni ngumu kushika, na kule ilikotoka panabaki jeraha la kushona.

Wa pili ulinishangaza. Ngozi ya mfuko wa korodani iko jirani, ina damu ya kutosha, inanyumbulika, na kila mwanamume anayo ya akiba. Marekani mwaka 1982 walichapisha njia ya kutengeneza govi kwa kuitumia: ngozi ya shina inakatwa chini kabisa kwenye kitako, inasukumwa mbele ifunike kichwa, na sehemu iliyobaki wazi inazikwa ndani ya mfuko mpaka ishikane, kisha siku nyingine inafunguliwa ikiwa na ngozi mpya. Ni upasuaji wa hatua, wa miezi. Nikauliza, na nywele? "Zinakuja nazo," akasema. Na rangi? "Inabaki ya kule ilikotoka." Akaongeza kwamba kwa mtu anayehitaji nafasi kidogo tu kama mimi, hiyo ni kutumia trekta kuchimba bustani ya mchicha.

Wa tatu ni wa kukata kwa umbo la herufi Z pale penye utando wa bata. Huo ni mdogo na salama kuliko yote, lakini hauongezi ngozi hata milimita moja. Unahamisha tu urefu kutoka upande wenye nafasi kwenda upande uliobana, na mimi upande wenye nafasi sina.

Kisha akaniuliza kama makovu yangu huwa yanavimba. Nikafungua vifungo viwili vya shati. Kifuani nina keloidi ndefu kama kidole, ilianza na chunusi. Akaitazama muda mrefu, akaweka kalamu chini.

"Kaka, kuna watu wanavuta," akasema, kwa sauti ya mtu anayekopesha hela ambayo hataki kudaiwa.

Wanavuta kwa mkono, kwa plasta, kwa vifaa. Miaka miwili, mitatu, wengine mitano. Hakuwahi kumsimamia mgonjwa wa namna hiyo. Lakini kwa keloidi ile, alisema, kisu kiwe cha mwisho. Tumekubaliana: mwaka mmoja na nusu wa kujaribu, nimwone kila miezi mitatu, jina langu libaki kwenye orodha ya kupandikizwa ngozi.

Nilimuuliza na la UKIMWI, maana najua nitaulizwa siku moja. Majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini, ya Kisumu na ya Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kati ya asilimia 50 na 60, na ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Je, nikivuta ngozi nitakuwa nimejirudisha nyuma? Alisema kilichopimwa kule ni kukata, kurefusha hakukupimwa, kwa hiyo nisijihesabie kinga yoyote, iwe kwa hali yangu ya sasa wala kwa hiyo ninayoitafuta. Tuwe waaminifu, tupime. Hayo nilikuwa nayajua. Ninayafanya kazi kila siku.

18 Februari

Nimesoma wiki tatu. Kwa Kiswahili nimepata matusi na matangazo ya dawa za kuongeza ukubwa, basi. Neno lenyewe "govi" kwetu ni tusi tayari, sasa nani ataandika makala ya kulirudisha? Kwa Kiingereza mambo ni mengi, na karibu yote yanatoka Marekani, ambako wanaume wengi walitahiriwa hospitalini wakiwa vichanga, wakakua, wengine wakaanza kuuliza. Chama chao cha kusaidiana, NORM, kilianzishwa California mwaka 1989. Wengi wao hawana maumivu kama yangu. Wao wanataka kilicho chao. Mwanzoni niliwaona kama watu wenye muda mwingi. Nilipofika ukurasa wa mia nilikuwa nimenyamaza. Mtu kuulizwa kabla ya kukatwa si jambo dogo, na mimi angalau niliulizwa.

Lakini wazo lenyewe ni la kale kuliko Marekani. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, kile kilichomo kwenye Biblia ya Wakatoliki, kinasimulia kwamba siku za mfalme Antioko, kama mwaka 175 KK, Wayahudi kadhaa walijenga kiwanja cha mazoezi cha Kigiriki Yerusalemu na wakajifanyia govi upya. Wagiriki walifanya mazoezi uchi, na kwao kichwa kuonekana kilikuwa kitu cha aibu. Tanga ya leo kinyume chake kabisa! Mtume Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba aliyeitwa akiwa ametahiriwa asijaribu kuficha. Mtu hakatazi jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Jinsi walivyofanya imeandikwa na Mrumi Celsus, karne ya kwanza, katika kitabu chake cha tiba. Ngozi inachubuliwa kwa kisu kuzunguka ukingo wa kichwa, inaachanishwa na shina mpaka karibu na kinena, inavutwa mbele ifunike kichwa, halafu mgonjwa anafungwa bandeji na kunyimwa chakula mpaka njaa ikaribie kumshinda, ili uume usisimame ukaharibu kazi. Celsus anasema haiumi sana. Kumbuka ganzi haikuwepo. Nilimsomea Mama Salma kipande hicho usiku, akasema bora Mungu alimleta duniani baadaye.

5 Machi

Kabla ya kuvuta chochote nilitaka kuelewa kwa nini ifanye kazi. Ngozi ikivutwa kidogo na kwa muda mrefu hainyooki tu kama lastiki na kurudi. Seli zinahisi mvuto na kugawanyika, tabaka la ndani linapangwa upya, na mwisho unapata ngozi zaidi kwa kipimo cha mraba. Mwaka 1957 daktari mmoja Marekani, Neumann, alipachika puto la mpira chini ya ngozi karibu na sikio lililoharibika, akalijaza hewa polepole, akapata ngozi ya kutengenezea sikio. Leo maputo ya namna hiyo ni kazi ya kawaida kwa waliochomwa moto na kwa wanawake waliokatwa titi.

Sisi tulijua zamani. Bibi wa Kimakonde mwenye ndonya mdomoni hakuanza na kipande kikubwa. Alianza na kijiti. Ndewe za mzee wa Kimasai zinazogusa shingo zilikuwa masikio ya kawaida. Na tumbo la Mama Salma lilipobeba mapacha mwaka 2016 halikuazima ngozi popote.

Kisichorudi ni lazima kiandikwe hapa, nisije nikajidanganya mbele ya safari. Utando laini wa ndani ya govi na mishipa yake ya fahamu, na kile kiuzi cha chini ya kichwa, vilikwenda kwenye ndoo ya taka miaka 11 iliyopita. Kuvuta kunazalisha ngozi ya aina ile iliyopo, basi. Kuna watafiti wenye asili ya Italia, Foregen, wanaotaka kuotesha govi zima kwa kuosha seli za tishu ya mtu mwingine ibaki fremu tupu, halafu kupanda seli za mgonjwa. Bado haijafika kwa wagonjwa, na hata ikifika haitaanzia Temeke.

12 Machi

Nimeanza. Kwa mkono, dakika 10, mara 4 kwa siku, baada ya maji ya moto ikiwezekana. Vidole vya mkono mmoja vinashika ngozi nyuma ya kovu, vya mkono mwingine vinashikilia kitako, unavuta mpaka uhisi imetaiti, unasubiri. Haitakiwi kuuma. Haitakiwi kubadilika rangi wala kufa ganzi. Na inafanywa uume ukiwa umelala. Ukisimama, unaacha unaenda kusoma gazeti.

9 Aprili

Nimevuruga. Niliona wiki zinapita na kipimo kimebaki 6, nikasema labda navuta kama mgonjwa. Nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Kesho yake kovu lilikuwa limevimba, lina wekundu na vidoa vya damu chini ya ngozi. Siku 9 sikugusa. Daktari hakunigombeza, aliuliza tu: "Kazini kwenu, sampuli ikichelewa kuota kwenye sahani, mnaipandisha joto?" Hatuipandishi.

Kipimo leo: 6. Pengine 5.

11 Juni

Milimita 8. Nimepima mara tatu, siku tatu tofauti, asubuhi zote, kabla ya kuvuta. 8.

Nimeongeza plasta, maana kwa mkono peke yake napata dakika 40 kwa siku na ngozi inataka masaa. Ninatumia plasta ya karatasi ya hospitali, ile inayobandua bila kuchuna. Vipande viwili vinabandikwa kwa urefu, kimoja juu kimoja chini, vinakutana mbele, na pale vinapokutana ninabana lastiki laini inayopita kiunoni. Mbele nimeacha uwazi wa mkojo. Sheria niliyoandika kwa wino mwekundu: plasta isizunguke duara kamili hata siku moja. Duara likibana damu hairudi, na huo ni ugonjwa wa dharura. Masaa 4, kisha mapumziko. Usiku hapana kabisa, kwa sababu aliyelala hawezi kusikia ganzi ikianza.

Adui ni joto la Dar. Machi hadi Mei nilidhani mvua itasaidia, kumbe unyevu ni mbaya kuliko jua. Ikifika saa sita mchana plasta imegeuka ugali. Zamu ya usiku maabara, penye kiyoyozi, ndiyo inayoshika, kwa hiyo sasa mimi ndiye mfanyakazi pekee anayeomba zamu ya usiku. Mkuu wa kitengo anadhani nina deni.

Na kuna suala la maji. Josho la janaba halikamiliki kama kuna kitu kinachozuia maji yasifike kwenye ngozi, kwa hiyo plasta inatoka kabla, kila mara, na nyingine inasubiri ngozi ikauke. Roli moja inaisha kwa siku 12.

20 Agosti

Milimita 10. Maumivu 5. Kovu halijapasuka tangu Februari.

15 Oktoba

Mama Salma aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: "Utajua saa ngapi kwamba imetosha?" Wamarekani wana kipimo chao cha picha, kutoka 0 hadi 10: sifuri ni ngozi isiyo na mkunjo wowote hata uume ukiwa umelala, kumi ni govi linalozidi kichwa hata uume ukiwa umesimama. Kwa kipimo hicho mimi nilianza sifuri na sasa niko 1, naelekea 2. Ngozi imeanza kujikunja kidogo nyuma ya kichwa nikikaa. Tumekubaliana 3 inatosha. Alitikisa kichwa kama anakubali bei ya kitenge.

Nimeangalia pia vifaa vyao. Kuna vikombe vya silikoni ambavyo ngozi inakunjwa juu yake na kubanwa kwa koni ya pili, halafu lastiki. Kuna vya kusukuma, fimbo yake inakandamiza kichwa na kuvuta ngozi kwa wakati mmoja. Na kuna vyuma vya kuning'iniza. Vikombe vinahitaji ngozi ya kushika, na mimi nilikuwa sina. Vyuma nimeviacha kabisa. Uzito haujui kwamba umelala kwenye kiti cha daladala na gari limeingia kwenye shimo.

28 Desemba

Wakwe walikuja siku 10. Baba mkwe analala chumba cha jirani na bafu ni moja. Hakuna plasta, hakuna kuvuta, isipokuwa kazini chooni dakika 5 kama mwizi. Siku ya tatu alikuta roli la plasta kwenye dirisha la bafu, akaniita.

"Baba Salma, unaumwa?"

"Hapana, mzee. Ni mgongo."

"Mgongo haufungwi na plasta ya karatasi. Nitakuletea mafuta ya mnyonyo."

Ameniletea. Kwa kweli mafuta yale yamelainisha kovu vizuri kuliko ile ya bomba ya elfu kumi na nane. Sitamwambia.

Kipimo: 14. Hakijarudi nyuma kwa siku 10 za kuacha, na hili ndilo limenifurahisha kuliko namba yenyewe. Ingekuwa ni kunyooka tu kama lastiki ingekuwa imerudi.

24 Machi 2024

Ramadhani. Plasta mchana naivaa masaa mawili tu, kufunga kunanikausha na ngozi inawasha. Kwa mkono baada ya futari.

Jambo ambalo sikulitarajia: kichwa cha uume, ile sehemu ya nyuma ambayo sasa inafunikwa na mkunjo, ngozi yake imekuwa laini na inang'aa, wakati mbele bado kavu kama kisigino. Mpaka unaonekana kabisa. Daktari alipouona aliomba ruhusa kupiga picha kwa ajili ya faili. Nilikubali, ila nikamwambia asiandike jina langu pembeni, na asionyeshe mtu yeyote kutoka Tanga.

Milimita 17. Maumivu 2.

17 Juni 2024

Leo ilikuwa Eid ya kuchinja. Nimeandika kwa haraka maana nyama iko jikoni.

Milimita 19. Tangu Aprili uume ukisimama nahisi mvuto kwa chini, palipo na utando wa bata, lakini hauumi. Nywele zimeshuka zilipotakiwa kuwa. Kovu: miezi 16 bila kupasuka. Kwa kipimo cha Wamarekani ni 2 na nusu, na ile nusu iliyobaki Mama Salma amesema nimpunguzie mzee wa watu, yaani mimi.

Jumatano iliyopita daktari alipima yeye mwenyewe, akapata 19 pia, akafungua faili, akapiga mstari juu ya neno la kupandikiza ngozi. Ameacha ile herufi Z ikiwa na alama ya kuuliza. Alisema tuitazame tena baada ya mwaka. Kama utando hausumbui, tusigombane nao. Kisha akaniuliza kama anaweza kupata nakala ya vipimo hivi, kwa sababu ana kijana mwingine wa miaka 30 na kitu, kutoka Mbeya, aliyekatwa vile vile. Nimemnakilia vipimo na ile sheria ya wino mwekundu. Habari za mafuta ya mnyonyo nimemwambia kwa mdomo.

Ninaendelea kwa mkono mara moja kwa siku hadi Septemba. Lastiki ya kiunoni nimeitupa. Roli mbili na nusu za plasta zimebaki kabatini. Mapacha wana baiskeli mpya, zitaisha.